Nina miaka 28, mazoezi yatausaidia nini moyo wangu?

Presha sina, sukari sina. Shambulio la moyo si la wazee?
Huonekana uzeeni, ila huanza mapema. Mafuta huganda taratibu kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo, miaka nenda miaka rudi, bila maumivu yoyote. Mazoezi hushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari na huifanya mishipa itanuke vizuri.

Kuna ushahidi kwa wanawake wa rika langu, au ni maneno ya walimu wa gym?
Upo. Marekani, wauguzi wanawake zaidi ya 97,000, waliokuwa na miaka 27 hadi 44 mwaka 1991, walifuatiliwa kwa miaka 20. Waliofanya mazoezi angalau saa mbili na nusu kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, pungufu kwa kama asilimia 25. Wembamba kwa wanene, nafuu ilionekana.

Mimi nilichokipenda zaidi ni hiki: idadi ya siku haikuwa na uzito, uzito ulikuwa kwenye jumla ya muda na nguvu. Aliyebanwa na kazi Jumatatu hadi Ijumaa hajachelewa. Na kutembea kwa kasi kulitosha kuleta tofauti, bila ada ya mtu.

Tusitie chumvi, lakini. Katika umati wote ule waliougua walikuwa 544, kwa hiyo asilimia 25 imepunguzwa kutoka kwenye hatari ambayo tangu mwanzo ni ndogo. Faida kubwa iko mbele, umri ukisogea.

Nachota maji, nafua, nalima. Bado nikakimbie?
Si lazima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kazi za mikono zinahesabiwa. Jipime hivi: unaweza kuongea lakini kuimba huwezi? Basi moyo unafanya kazi. Kusimama jikoni kutwa huchosha miguu tu.

Nacheza netiboli, ila shisha naivuta wikiendi.
Jasho halifuti moshi. Acha shisha, netiboli endelea nayo.

Nani aonane na daktari kwanza?
Aliyewahi kuzimia akikimbia, anayebanwa kifua, anayehema kuliko wenzake kwenye mwendo uleule, au ambaye ndugu yake alifariki ghafla akiwa kijana. Huku kwetu Afrika Mashariki, wanawake vijana wengi wenye ugonjwa wa moyo wana vali za moyo (milango inayoongoza damu) zilizoharibiwa na homa inayofuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Huo mazoezi hayauzuii. Unaotakiwa ni uchunguzi wa moyo, na mtoto anayelalamika koo apelekwe zahanati. Na kama ulipata presha wakati wa ujauzito, mwambie daktari hata kama mtoto sasa yuko darasa la tano, kwa sababu hatari yako ya moyo iko juu kuliko ya wenzako.