Supu ya bustani na viporo vya friza: tunaogopa baridi, tunaamini moto kupita kiasi

Mwezi wa nne hapa Mwanza ukiwa na kabustani hata ka hatua kumi nyuma ya nyumba unaweza kulia. Masika imekolea, sukuma wiki imerefuka kama mtoto wa sekondari, matembele yameziba njia ya kwenda kwenye karo, maboga matatu yameiva wiki moja na nyanya ndo usiseme, na ukimpelekea jirani mchicha anakucheka kwa sababu na yeye ametoka kuutafutia mtu wa kumpa. Huku kwetu Kiseke nishawahi kuamka nikakuta fungu la majani ya maboga mlangoni na hamna aliyejitambulisha mpaka leo. Halafu ukifungua friza nayo imejaa: kopo la aiskrimu ambalo ndani ni maharage (si unajua), mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa, kichwa cha sangara, nyama iliyobaki Krismasi, na mifupa ambayo hata sikumbuki ni ya lini.

Dawa yangu ni sufuria moja kubwa, vyote vinaingia, inatoka supu nzito ya kushiba. Lakini kila nikiipika kuna mtu ana onyo, na nimegundua kitu kimoja, kwamba watu wanaogopa visivyodhuru na vile vinavyodhuru kweli wanavipita wanacheka.

DHANA: Supu ni nyama, ya mboga ni ya mgonjwa.

Hii niliisikia jikoni kwangu mwenyewe. Mama mkwe alikuja kutoka Magu, akafunua sufuria, akachungulia, akafunika taratibu. "Mwanangu, nani anaumwa?" Nikamwambia hamna anayeumwa mama, ni supu tu. "Supu ya majani?"

Simlaumu, kwetu supu ni ile ya saa moja asubuhi, kongoro au utumbo, ndimu, pilipili na chapati mbili pembeni, na yule anayeletewa maji ya karoti ni mtu ametoka hospitali. Ila uzito wa supu hautoki kwenye nyama jamani, unatoka kwenye kitu cha kuishikilia. Boga likiiva ukaliponda humo humo, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, maharage ukachota nusu ukayasaga na mwiko ukayarudisha, au karanga za kutwanga. Na karanga kwenye majani sio mambo ya kuiga, Usukumani wamepika hivyo miaka na miaka. Hata hii habari ya kuhifadhi mazao yakizidi, kabla hatujaijua friza watu walikuwa na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukausha, na majani ya kunde yaliyokaushwa juani, msimu wa kiangazi wanakula vizuri tu.

Karanga zina kazi nyingine ambayo watu hawaijui. Boga, viazi lishe na majani ya kijani yana karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, lakini ili iingie mwilini vizuri inataka mafuta kidogo. Kwa hiyo ile supu ya mgonjwa ya mboga na maji matupu inakupunja kweli. Kijiko kimoja cha mafuta au konzi ya karanga, imeisha hiyo.

DHANA: Mifupa ikichemka kutwa nzima, kalsiamu yote iko kwenye supu.

Hapana. Utamu unatoka, ule utelezi wa kugandamana unatoka, kalsiamu nyingi inabaki kwenye mfupa wako. Ukitaka kalsiamu kula mfupa wenyewe, na sisi mfupa wa kulika tunao, unaitwa dagaa. Nachukua dagaa wa Mwaloni pale Kirumba, nawatoa vichwa, nawakaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, nawatwanga, vijiko viwili vitatu kwenye sufuria na watoto hawajui kama wamekula. Na ukipata mapanki, ile mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, au kichwa chake, usichemshe mpaka jioni kama kongoro, nusu saa inatosha, ukizidisha sana supu inakuwa na ukakasi. Chuja vizuri, mfupa wa samaki kwenye koo la mtoto sio stori.

DHANA: Friza inaua vijidudu. Na mwenzake anayesema kinyume chake: nyama ya miezi minne kwenye friza imeshakuwa sumu.

Wote wamekosea. Friza inatakiwa ikae nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo bakteria hawazaliani, wamelala, ukitoa chakula wanaamka na kuendelea walipoishia. Kilichoingia kimeharibika kitatoka kimeharibika, hamna muujiza mle ndani. Lakini kilichoingia kikiwa kizima na hakijawahi kuyeyuka, kitakaa miezi mingi na hakitamdhuru mtu, kinachoshuka ni ladha, nyama inakauka na kuweka mabaka meupe. Mabaka hayo sio ukungu, ni baridi imeikausha. Kwenye nyama choma utayasikia, kwenye supu hutajua kabisa, ndo maana nyama yangu ya Krismasi huwa inamalizikia humo.

Kuna swali la umeme kukatika hapa. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa inashikilia baridi kama masaa 48, ikiwa nusu masaa 24, friji ya chini ni masaa manne tu hivi. Shida yetu ni ile kufungua kila dakika kumi kuangalia kama imeyeyuka, yaani wewe ndo unaiyeyusha. Umeme ukirudi, ambacho bado kina barafu ndani unakiacha kigande tena, hakigeuki sumu kwa kuganda mara ya pili, kinapoteza tu ubora kinakuwa na maji maji. Kilichoyeyuka kikakaa na joto la nyumba zaidi ya masaa mawili, hicho tupa, na usimpe jirani.

DHANA: Moto unaua kila kitu, chemsha tu.

Hapa ndo penyewe. Hii nilikuwa naiamini kuliko mtu yeyote, nikafundishwa na wali. Tulikula usiku, wali ukabaki, nikaufunika nikauacha kwenye jiko mpaka asubuhi, asubuhi nikaumimina kwenye supu ya maboga ili iwe nzito, nikachemsha haswa mpaka ikapanda na povu likamwagika kwenye jiko la gesi, nikajisemea hapa hamna mdudu aliyebaki. Tukanywa saa moja. Saa nne tulikuwa watu wanne, choo kimoja na ndoo moja ya kufulia.

Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anapenda wali. Mbegu zake zinavumilia kupikwa, wali ukikaa vuguvugu zinachipua, zinazaliana na kutema sumu, na hiyo sumu ndo haivunjiki kwa kuchemsha. Kwa hiyo asubuhi nilimuua bakteria kweli, sumu yake nikaitia chumvi na ndimu. Kutapika kwake kunaanza lisaa limoja mpaka masaa sita baada ya kula, na sisi tulikaa humo humo. Sa hivi wali wa kutia kwenye supu ni ule niliouweka kwenye friji usiku ule ule, wa kwenye jiko unaenda kwa kuku.

Na sio wali peke yake. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani kwa kukaa kwenye mwanga vina sumu inaitwa solanini, kuchemsha haiondoi, kata sehemu ya kijani kwa unene na kama kimekuwa kijani chote au ni kichungu kitupe. Karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, hata uzikaange ziwe nyeusi haiishi, na hilo nchi hii inalijua vibaya, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo karanga chagua moja moja mkononi kabla ya kutwanga, iliyosinyaa au kubadilika rangi tupa huko.

Halafu moto wenyewe tunaouamini, huku kwetu hata mia haufiki! Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kuua bakteria inatosha kabisa, msitishike, ila ndo moja ya sababu maharage ya huku yanachelewa kuiva kuliko ya dada yako wa Dar aliyekuambia dakika arobaini.

Maharage yenyewe, hasa mekundu, kama unaanza na makavu usiyatupie kwenye supu ya moto mdogo ukaondoka. Yana kitu cha asili kinachovuruga tumbo vibaya sana yasipoiva, na kuyapika kwa joto dogo lisilochemka ni hatari kuliko unavyodhani. Loweka masaa matano au usiku kucha, mwaga maji, tia mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi ndo upunguze moto yaive. Mi nachemsha kilo mbili mara moja, nagawa kwenye makopo ya aiskrimu, na mengi yako friza tayari. Nyanya zisubiri mpaka maharage yalainike, ule uchachu unayafanya yagome. Magadi yanaharakisha ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1, mi niliacha.

DHANA: Mboga ya friza haina vitamini.

Inategemea unailinganisha na ipi. Na ile iliyochumwa asubuhi hii hii, sawa. Na ule mchicha uliokaa juani kwenye meza sokoni tangu alfajiri mpaka saa kumi na moja jioni, hapana, wa friza unaweza ukawa umeushinda. Kuna hatua watu wanairuka tu: majani yapitishe kwenye maji yanayochemka dakika mbili, toa, tumbukiza kwenye maji ya baridi kabisa, kamua, funga mafungu ya mara moja moja. Usipofanya hivyo majani yanaendelea kujila yenyewe hata ndani ya baridi na baada ya muda yanakuwa rangi ya tope na harufu ya nyasi. Vitamini C kiasi inahamia kwenye maji ya kupikia, ndo uzuri wa supu, maji yake huyamwagi.

DHANA: Supu ikizidi chumvi tia kiazi, kitainyonya.

Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi, kinakuachia maji mengine yenye chumvi ile ile. Ongeza maji, au boga zaidi. Na kama umetia kiungo cha paketi, kumbuka vingi vyake ni chumvi, onja kwanza ndo uokote kijiko cha chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko cha chai kimoja na hakijajaa vizuri.

DHANA: Chakula cha moto hakiingii kwenye friji, kiache kipoe mpaka asubuhi.

Hii ya kina mama wote, na ina nusu ya ukweli. Sufuria la lita nane likiingia la moto linapasha vitu vya jirani, na katikati yake panabaki vuguvugu masaa na masaa. Lakini kuliacha mezani usiku kucha ni mbaya zaidi, kati ya nyuzi 5 na 60 ndo bakteria wanakofanyia sherehe, na jikoni kwako Mwanza uko katikati ya ukumbi. Weka sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi, koroga, badilisha maji mara moja mbili, gawa kwenye vyombo vifupi vipana. Ndani ya masaa mawili iwe kwenye friji.

Sasa yangu inavyoenda: kitunguu na tangawizi kwenye mafuta, mifupa au nyama ya friza, maji. Nyama ikilainika, boga na viazi lishe. Vikivunjika naponda, maharage na mahindi yanaingia yakiwa na barafu yake, hakuna haja ya kuyeyusha. Nyanya. Karanga nakoroga na maji kidogo pembeni kwanza zisifanye madonge. Dagaa wa kutwanga. Majani dakika tano za mwisho, na bamia ukitia ujue itateleza, wengine wanapenda mimi sipendi. Kabichi isikae sana, ikipitiliza nyumba nzima inanuka, na mgagani unatia maziwa kidogo ukataka kupunguza ule uchungu.

Ikibaki unagandisha tena, ila acha nafasi ya vidole viwili juu ya kopo kwa sababu supu ikiganda inavimba, nimeshapasua makopo mawili hivyo. Na viazi mviringo visigandishwe, vikirudi vinakuwa kama sponji imelowa, kwa hiyo sehemu ya friza naichota kabla sijatia viazi hivyo, naandika tarehe kwenye gundi ya karatasi, na bado mwezi ujao ntafungua kopo nikitafuta aiskrimu.