Je, wajua kwa nini filamu ya Lakeview Terrace ilipewa jina la mtaa?

Filamu ya Lakeview Terrace, iliyoongozwa na Neil LaBute na kutolewa mwaka 2008, inahusu wanandoa vijana, Chris ambaye ni Mzungu na Lisa ambaye ni Mmarekani Mweusi, wanaohamia nyumba mpya pembezoni mwa Los Angeles na kukuta kwamba jirani yao hapendezwi na ndoa yao. Jirani huyo, Abel Turner, anayeigizwa na Samuel L. Jackson, ni mgane mweusi anayelea watoto wawili kwa ukali, na kazi yake ni upolisi.

Kisa hicho kilichochewa na ugomvi wa kweli wa majirani huko Altadena, mji mwingine wa jimbo hilohilo la California. Kwa nini basi kikahamishiwa Lake View Terrace, mtaa wa jiji la Los Angeles ulioko katika bonde la San Fernando? Watazamaji wengi wa Marekani hawakuhitaji kuelezwa. Ni huko ambako askari wa jiji walimpiga marungu Rodney King, mtu mweusi, usiku wa tarehe 3 Machi 1991, huku mkazi mmoja akiwarekodi kwa kamera ya video kutoka kwenye roshani yake. Na tarehe 29 Aprili 1992, mahakama ilipokosa kumtia hatiani hata mmoja kati ya wanne walioshtakiwa, zililipuka ghasia zilizoua watu zaidi ya 50.

Filamu inalichukua jina hilo, kisha inawabadilishia watu nafasi: safari hii mwenye sare ni mweusi, na anayeonewa ni Mzungu pamoja na mkewe. Turner anaanza na mambo ambayo mtu angeona haya kuyapeleka kituoni, kama vile taa za ulinzi zinazomulika hadi chumbani mwa jirani, au ubishi juu ya miti iliyopandwa kando ya uzio. Hata wakiamua kulalamika, watakaopokea malalamiko ni wenzake wa kazini, na hapo ndipo filamu inapotisha kweli, kuliko katika milio ya risasi ya mwishoni.

Baadaye tunaelezwa kwamba mke wa Turner alikufa katika ajali ya gari, naye Turner anaamini kwamba mkewe alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na bosi wake Mzungu. Kwa maoni yangu, maelezo hayo yanaipunguzia filamu makali, kwa kuwa yanaigeuza chuki yake kuwa kidonda cha mtu mmoja, ilhali jina la mtaa lilikwisha kutukumbusha kwamba tatizo lilikuwa pana zaidi.