Rufaa na ushahidi wa utambuzi: kwa nini majaji huuliza habari za taa

Tuseme majambazi wamevunja mlango saa nane usiku. Mwenye nyumba anaamka, anamulikwa tochi usoni, anapigwa bapa la panga, simu na fedha zinakwenda. Mahakamani anasema: "Nilimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa." Hakimu anaiandika, anaiamini, anatoa hukumu: miaka 30 jela. Mfungwa anakata rufaa.

Rufaa si kesi kusikilizwa upya. Shahidi harudi kizimbani. Majaji wanasoma mwenendo wa kesi ulioandikwa na hakimu. Nchini Tanzania, Mahakama Kuu ikiwa ya kwanza kupokea rufaa hupima ushahidi wote upya na inaweza kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka kwamba haikumwona shahidi akijibu maswali. Ikifika Mahakama ya Rufani mlango unakuwa mwembamba: mambo ya ukweli yaliyokubaliwa na mahakama mbili za chini hayaguswi, ila pale ushahidi ulipoeleweka vibaya au jambo la msingi liliporukwa.

Utambuzi ndipo jambo la msingi linaporukwa mara nyingi. Katika kesi ya Waziri Amani (ni jina la mrufani, si cheo) dhidi ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa aina hii ni dhaifu kuliko wote, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Shahidi alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Alikuwa akimfahamu kabla? Na mwanga je? "Taa" peke yake haitoshi. Koroboi au balbu? Iliwekwa wapi? Halafu ile tochi: anayemulikwa usoni haoni kitu, anayeona ni aliyeishika. Inashangaza ni mara ngapi hili husahaulika.

Kumfahamu mtu kunasaidia, lakini hata ndugu hufananishwa mchana kweupe. Ndiyo maana majaji huangalia mtuhumiwa alitajwa lini. Kesi ya Marwa Wangiti Mwita, iliyoripotiwa 2002, inatiliwa mkazo hapa: kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo kunampa shahidi uzito. Kama mwenye nyumba alikimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji usiku uleule bila kutaja jina, kisha akalitaja wiki mbili baadaye, atakuwa na kazi ya kueleza. Kwa mtu asiyemjua, linahitajika gwaride la utambulisho, yaani mtuhumiwa kupangwa mstari na watu wengine ili shahidi amchague, nalo halina maana kama shahidi alishaonyeshwa mtuhumiwa kituoni.

Vielelezo, yaani hati na vitu vinavyotolewa kama ushahidi, vina utaratibu wao. Tangu uamuzi wa Robinson Mwanjisi, ulioripotiwa 2003, hati hupokelewa kwanza, ndipo husomwa kwa sauti mahakamani. PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, kama haikusomwa hufutwa kwenye kumbukumbu.

Kufutwa huko hakumfungulii mtu mlango wa gereza moja kwa moja. Majaji huuliza: ushahidi uliobaki unatosha? Kwa majeraha, daktari aliyeeleza kwa mdomo alichokiona anaweza kuziba pengo la PF3. Kwa taa hakuna wa kuziba. Kama mwendesha mashtaka hakuuliza ilikuwa ya aina gani, majaji hawawezi kubuni jibu, na kwa kawaida hawaamuru kesi ianze upya ili Jamhuri ipate nafasi ya kwenda kuliuliza. Faida ya shaka hiyo anapewa mrufani, naye anaachiwa.