Acheni kuloweka ngozi kabla ya kufuma, jamani

Jana tena. Dada mmoja kanitumia picha WhatsApp, beseni la maji, kamba ya ngozi inaelea ndani, na chini kaandika "naloweka usiku kucha ili kesho iwe laini kwenye vidole, niko sawa?" Hapana dada, hauko sawa, na huyo aliyekufundisha ndiye namtafuta mimi.

Kila anayeanza kufuma mikufu na bangili za ngozi kwa vidole, yaani kuzungusha kamba kidoleni na kuvusha vitanzi bila sindano, anakuja na hii habari ya maji. Najua ilikotoka lakini. Wanaosuka viboko kwa ngozi mbichi, ile ambayo haijasindikwa, wanailowanisha kweli, kwa sababu kavu haikunjiki. Fundi wa mikanda naye akitaka kugonga nakshi anailowanisha kidogo ndo ishike alama. Sasa mtu kaangalia video mbili tatu, kajumlisha mwenyewe, kaamua ngozi zote zinapenda maji.

Ngozi gani? Hilo ndo swali. Chukua wembe, kata ncha ya kamba, angalia katikati. Ukiona kijivu kinachoelekea bluu hiyo ni ya kromu, yaani imesindikwa kwa chumvi za madini ya kromu, na ndo iliyojaa sokoni. Ikiwa kahawia mpaka ndani basi ni ya magome, imesindikwa kwa tanini, dawa iliyomo kwenye magome ya miti kama ile miwati ya kule Njombe. Kuna zilizopigwa rangi mpaka ndani, hapo wembe hausaidii, dondosha tone la maji, ya magome ambayo haijapakwa kitu juu inanywa na kuiva rangi palepale. Na ukiona nyuzinyuzi zinang'aa umeuziwa poliesta, hiyo loweka hata mwezi.

Ya kromu imeshalainishwa kiwandani kwa mafuta. Ukiiloweka unaitoa mafuta yake, rangi inahamia vidoleni, na ikikauka inakuwa ngumu kuliko ulivyoinunua. Ya magome ndo balaa zaidi, ikiwa imelowa inavutika, wewe unavuta kitanzi unafurahi inakubali, kumbe inazidi kuwa nyembamba, halafu inakauka na umbo la kidole chako, unapata mkufu unaosimama wenyewe mezani. Ikigusana na chuma wakati imelowa, mkasi tu au waya, tanini na chuma zinafanya doa jeusi ambalo kulitoa ni kazi. Na kuna wanaoanika juani juu ya bati ili iwahi!! Ngozi ya magome iliyolowa inaanza kusinyaa kwenye nyuzi joto 70 na kitu, ya kromu inavumilia mpaka karibu na maji ya kuchemka, ndo maana mwenzako alifanya ikakubali na yako ikakunjamana.

Maji yana kazi yake, sikatai. Bangili ya ngozi ya magome ukishaimaliza, ipitishie kitambaa chenye unyevu, izungushe kwenye chupa, iache kivulini mpaka ikauke, itashika duara vizuri. BAADA ya kufuma.

Ugumu mnaoulalamikia hautokani na ukavu, unatokana na mkono uliozoea uzi. Uzi wa sufu unavutika na kurudi, kitanzi kikiwa kikubwa kinajificha. Ngozi hairudi. Kitanzi kinatoka na ukubwa wa kidole chako na kinabaki hivyohivyo, kwa hiyo ukishakivusha juu ya kidole, kikaze hapohapo kwa kuvuta kamba, kimoja kimoja, usisubiri mwisho. Kamba yenyewe inyooshe kwa mkono kabla ya kuanza. Halafu kama ni bapa, ile ya milimita 3, kila ikizunguka kidole inajigeuza, upande wa nyama, ule wa ndani wa ngozi, unatokea mbele na mkufu unaonekana una mabaka. Gumba liwe linairudisha kila kitanzi. Inachosha, najua. Anza na ya duara, milimita 1 na nusu, ya mbuzi ukiipata.

Kufuma kwa vidole vinne kwa pamoja sipendi kwenye ngozi, inatoka pana na nzito shingoni, na bado sijashawishika kama inastahili kamba yote ile. Kuna watu pia ngozi ya kromu inawawasha hasa wakitoka jasho, na kwa joto la Dar nani hatoki jasho, kwa hiyo nawapa ya magome, nayo inakunywa jasho inakuwa nyeusi upande wa shingo. Kwa kweli hapo sina jibu la kumridhisha mteja.

Ncha zitie gundi ndani ya vikofia, vile vifuniko vidogo vya mwisho wa kamba, kisha bana kwa plaizi, hiyo mnaijua. Urefu, kwa mnyororo wa kidole kimoja kata mara 4 ya mkufu unaotaka, ikibaki fanyia hereni. Ikiisha katikati usiunge kwa fundo, litaonekana tu, fumua uanze na kamba ndefu.