Damu ikivuja ndani ya tumbo: nguruwe wa maabara ametufundisha nini?

Mtu anakufaje kwa kupoteza damu bila tone kuonekana nje?

Tumbo lina nafasi kubwa. Ukirushwa na bodaboda, ini au bandama inaweza kupasuka na damu ikajaa humo humo, huku ngozi haina hata mchubuko. Kidonda cha mguu utakibana kwa kitambaa. Ini hulifikii bila upasuaji.

Kwa nini nguruwe, si panya?

Kwa ukubwa wa mwili na mishipa anatukaribia zaidi. Ila ana kasoro yake: damu ikipungua, bandama yake hujikaza na kurudisha chembe nyekundu nyingi kwenye mzunguko. Yetu haina akiba kama hiyo, ndiyo maana watafiti wengi huitoa ya nguruwe kwanza.

Jaribio lenyewe likoje?

Chukua lile la Marekani, 1991, la mtafiti Bickell na wenzake. Nguruwe 16 walilazwa kwa nusukaputi, wakatolewa bandama, kisha waya ukapachikwa kwenye mshipa mkuu wa tumboni. Waya ulipovutwa ulichana tundu la milimita 5. Wanane waliongezewa maji mengi ya dripu, wanane wakaachwa. Walioongezewa walikufa wote. Wa kundi la pili hakufa hata mmoja. Maji yalipandisha presha, na damu ikavuja zaidi.

Hawateswi?

Tangu 1959 wanasayansi wa Uingereza, Russell na Burch, walitaka wanyama wabadilishwe kwa njia nyingine, wapunguzwe, na maumivu yao yapunguzwe. Nusukaputi ni lazima. Bado si jambo la kufurahia.

Kwa binadamu ikawaje?

Houston, Marekani, 1994: majeruhi 598 wa risasi na visu vya kiwiliwili, presha ikiwa chini. Waliocheleweshewa dripu hadi chumba cha upasuaji walipona asilimia 70. Waliowekewa mapema, 62.

Kwa hiyo nguruwe hakosei?

Hukosea. Puto linaloingizwa kupitia kinena na kuziba mshipa mkuu lilileta matumaini kwa nguruwe. Jaribio la Uingereza lililotolewa 2023 lilikuta kwamba ndani ya siku 90 walikufa asilimia 54 ya waliopangiwa puto, dhidi ya 42 ya waliopata huduma ya kawaida. Nguruwe wa maabara ni mchanga, mzima, jeraha lake moja linajulikana lilipo, na daktari amesimama pembeni. Majeruhi wa barabarani hana hata kimoja cha hivyo.

Basi nikatae dripu?

Hapana, hiyo ni kazi ya daktari. Aliyeumia kichwa, kwa mfano, presha ikishuka ubongo unadhurika. Kazi yako ni kuwahi. Baada ya ajali ukiona jasho baridi, viganja vyeupe, moyo kwenda mbio, tumbo kukaza au maumivu ya bega la kushoto (bandama hujitangaza huko), nenda hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongeza. Usile wala kunywa njiani, hata chai ya kukutuliza.