Kifaransa na Kijerumani kwa mpigo mmoja? Anza na kijiko

Wiki iliyopita kijana aliyemaliza kidato cha sita aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nataka kusoma Kifaransa na Kijerumani chuo kikuu, vyote viwili. Nyumbani wanasema nachezea ada." Marahaba, nikamjibu, hebu niambie kwanza kipi unakijua. Kifaransa alikisoma sekondari. Kijerumani anajua Guten Tag tu, tena ya kuwasalimia watalii.

Nikashusha pumzi. Wanaonitia hofu ni wale wanaotaka kuanza vyote viwili kutoka sifuri, muhula mmoja. Ulaya ujuzi wa lugha hupimwa kwa ngazi sita, A1 mpaka C2, na mimi baada ya miaka ya kufundisha na kukalimani nashikilia kwamba mguu mmoja uwe umeshakanyaga B1 kabla hujainua wa pili. B1 maana yake basi likiharibika njiani unaweza kuuliza, kulalamika, na kuelewa unachojibiwa. Chini ya hapo lugha bado mbichi, na mbichi mbili kichwani huibiana maneno.

Chukua kijiko hapo mezani. Kwa Mjerumani ni der Löffel, dume. Kwa Mfaransa ni la cuillère, jike. Uma ni jike kote kuwili, die Gabel na la fourchette. Kisu kwa Mfaransa ni dume, le couteau. Mjerumani hakihesabu dume wala jike, das Messer. Usihangaike kutafuta sababu. Sisi watu wa ngeli tusiwe wa kwanza kushangaa, maana hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini kijiko kimepotea lakini uma umepotea.

Ila Kiswahili hukuonyesha ngeli pale pale mwanzoni mwa neno. Kijerumani kimeiweka kwenye kile kineno cha mbele, na kineno chenyewe hakitulii: der Löffel kikianguka, den Löffel ukikiosha, mit dem Löffel ukila kwacho. Ndiyo maana sikubali mwanafunzi aandike Löffel peke yake daftarini. Ni kama kuacha ki- kwenye kijiko. Unabaki na jiko.

Mimi mwenyewe nimeaibika. Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani, mafua yamenibana, nikaingia mgahawani nikaagiza eine Infusion. Kwa Kifaransa infusion ni chai ya majani, mchaichai na jamaa zake. Kwa Kijerumani ni dripu. Mhudumu akaniuliza kwa upole kama aniitie gari la wagonjwa. Hilo la kucheka. La kutocheka ni concours ya Kifaransa, mtihani wa kushindania nafasi, na Konkurs ya Kijerumani, yaani kufilisika. Mfasiri aliyelala usingizi anaweza kumtangaza muflisi mtu aliyefaulu mtihani wa kazi.

Waombaji wengi wanadhani shahada ya lugha ni kozi ndefu ya kuongea. Sivyo. Kuongea ni mlango tu. Ndani kuna fonetiki (elimu ya sauti), sintaksia (muundo wa sentensi), riwaya nene, tamthilia, historia, na tafsiri ya kwenda na kurudi. Anayependa kupiga soga lakini kitabu kinamsinzisha atateseka, na ni heri ajiandikishe kozi za jioni za Alliance Française (kwa Kifaransa) au Goethe-Institut (kwa Kijerumani), apate vyeti vyake, kisha chuoni asome kitu kingine.

Kuhusu kazi, lugha hizi mbili hazilingani, na wazazi wana haki ya kujua. Kifaransa ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, Kijerumani hakimo. Hapa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa 2015, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu bado inahitaji wakalimani wa Kifaransa. Burundi, Rwanda na, tangu 2022, Kongo ya Kinshasa wamo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijerumani kinalipa kwingine: utalii, ufadhili wa masomo wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, na kazi moja ninayoipenda kuliko zote, nyaraka. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ina mafaili ya utawala wa Wajerumani, mengi yakiwa kwa mwandiko wa zamani wa Kurrent ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Wao walituachia shule na hela, maneno yote mawili. Sisi tuna sababu ya kuyasoma makaratasi yao kwa macho yetu.

Pa kusoma papo karibu: Makerere, Nairobi na Kenyatta zina lugha zote mbili. Ukitaka mbali, Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, kinafundisha kwa Kifaransa na Kijerumani chini ya paa moja, na Saarbrücken, Ujerumani, ndiko makao ya Chuo Kikuu cha Ufaransa na Ujerumani, kinachoratibu shahada za pamoja za vyuo vya nchi hizo mbili. Lakini piga hesabu mapema. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya shahada ya kwanza, ila kwa viza unaonyesha akaunti iliyofungiwa pesa ya kuishi, euro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango cha tangu Septemba 2024. Kwa fedha hizo familia nyingi huuza kiwanja, kwa hiyo barua ya ufadhili itangulie tiketi.

Yote hayo nilimwandikia kijana, nikamalizia na zoezi la kijiko. Jana usiku akanitumia picha ya meza ya kwao, vikaratasi vimebandikwa kila mahali, mpaka kwenye chupa ya chai. Kijiko sawa, uma sawa. Kwenye kisu ameandika der Messer. Nimemrudishia.