Je, maombi hubadilisha anayevutiwa na jinsia yake?

Jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, wazazi wengi huamini kuwa kijana anayevutiwa na watu wa jinsia yake ana pepo au ugonjwa, na kwamba akiombewa, akisomewa ruqya (kisomo cha Kiislamu cha kuponya) au akiozwa haraka atabadilika.

Hali hiyo ya kuvutiwa na jinsia yake iliondolewa kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa mwaka 1990, na tafiti hazijaonyesha kuwa maombi au ndoa ya kulazimishwa huigeuza. Zilichoonyesha ni madhara: sonona na mawazo ya kujiua, hasa kwa aliyekataliwa na familia. (Na binti anayeozwa kwa kijana huyo, nani humuuliza?)

Si kwamba dini haina kazi hapa. Mchungaji au shehe anayemsikiliza mzazi na kutunza siri yake husaidia sana, hata akibaki na mafundisho yake. Kuhusu sheria, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaadhibu tendo la ngono “kinyume cha maumbile”. Hakimzuii mama kuishi na mwanawe nyumbani.

Anayedai kuponya, muulize: waliopona, nani aliwafuatilia miaka miwili baadaye? Sadaka yake ni shilingi ngapi? Kisha mpelekee daktari wa afya ya akili dai hilohilo.